Kidonge kilekile, yeye kalala mimi nimekesha: je, dawa zina kabila?

Dada mmoja wa Tanga kaniandikia ujumbe mrefu, nauweka hapa kwa kifupi maana najua wenye swali hilihili wapo wengi. Anasema: "Shikamoo daktari. Mimi ni Mdigo. Mwaka 2016 mimi na jirani yangu, yeye Mchaga, tulianzishiwa ARV wiki moja, kliniki moja, kidonge kilekile cha kumeza usiku. Mwenzangu akawa analala kama mtoto. Mimi kizunguzungu, naamka nashika ukuta, na ndoto za ajabu mpaka mume wangu akataka tutafute mganga. Watu wakasema damu ya watu wa pwani haikubaliani na dawa. Sasa mwaka huu kaka yangu, tumezaliwa baba mmoja mama mmoja, yuko Muscat, amepimwa akaambiwa ana G6PD na kapewa orodha ya dawa asizoguse kabisa. Mimi nina mtoto wa kiume wa miaka minne. Je, ni kweli dawa zina kabila? Na ni kweli hizi dawa zilipimwa kwa wazungu ndo maana sisi zinatusumbua?"

Marahaba dada yangu, na pole. Hiyo G6PD ya kaka yako ni suala la damu, nitaieleza mwishoni. Mimi ni mfamasia sio daktari, nimekaa dirishani miaka mingi nagawa dawa, na hizo ndoto zako nimeshazisikia kwa watu wengi mno. Mmoja aliniambia kila usiku anakimbizwa na ng'ombe, mwingine akiamka kwenda chooni anaona nyumba inazunguka, na wengi walikuwa wanaona aibu kusema maana wanaogopa kuambiwa wana mapepo au wanatafuta kisingizio cha kuacha dawa. Kwa hiyo jambo la kwanza, ulichokipata kilikuwa cha kweli kabisa na kina maelezo yake, hukurogwa na damu yako haina kasoro. Jambo la pili, dawa ikishaingia tumboni haijui wewe ni Mdigo au Mchaga, inakutana na ini lako, na ini lako linafanya kazi kwa maelekezo ya jeni ulizorithi nusu kwa baba nusu kwa mama. Kabila lina nafasi yake humo ila ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri, nitafika huko.

Chukulia ini ni kama zile mashine za kusaga za mtaani, na kila dawa unayomeza ni gunia la mahindi limepelekwa mashineni. Mashine zenyewe zinaitwa vimeng'enya, viko vingi, na vina majina magumu kama CYP2B6, CYP2D6, NAT2, wala usihangaike kuyakariri. Kila kimeng'enya kina jeni yake inayotoa maelekezo ya kukitengeneza, na karibu kila jeni unayo nakala mbili, moja ya baba moja ya mama. Wapo ambao nakala zote mbili ni nzima, mashine inasaga vizuri. Wapo wenye nakala moja nzima na moja dhaifu, inasaga kwa kusuasua. Wapo wenye mbili dhaifu, magunia yanarundikana mpaka barazani. Na kuna wengine wamerithi nakala za ziada, tatu au hata zaidi, hao mashine yao inakwenda kasi kupita kiasi. Wote hawa ukiwaangalia kwa macho huwezi kuwatofautisha, wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Sasa kidonge chako. Mwaka 2016 kidonge kimoja cha usiku kliniki zetu za CTC kilikuwa kile tunachokiita TLE, ndani kuna tenofoviri, lamivudini na efavirenzi, na mwenye lawama za ndoto na kizunguzungu ni huyo wa tatu, efavirenzi, dozi yake ilikuwa miligramu 600 kwa kila mtu mzima, awe mnene awe mwembamba, wa Tanga, wa Harare au wa London. Efavirenzi inasagwa hasa na hicho kimeng'enya CYP2B6. Na hapa ndo penyewe, kuna toleo dhaifu la jeni ya CYP2B6 ambalo wataalamu wanaliita nyota sita, na kwetu Afrika kusini mwa Sahara limejaa. Kwenye jamii nyingi ni kama theluthi moja ya nakala zote za jeni hiyo, na utafiti mmoja wa Zimbabwe uliotoka 2008, kwa wagonjwa waliokuwa wanatumia dawa hiyo, ulikuta ni karibu nusu. Ukipiga hesabu, mtu mwenye nakala mbili dhaifu kwetu sio wa kutafuta kwa tochi, ni kama mmoja kati ya kumi, na kuna sehemu wanafika mmoja kati ya watano. Huyo akimeza miligramu 600 kila usiku, dawa kwenye damu inapanda mara mbili mara tatu ya mwenzake. Kiwango kinachotafutwa ni kati ya mikrogramu 1 na 4 kwa kila mililita ya damu, yeye anapita hapo kwa mbali, na efavirenzi inapenda sana kwenda kwenye ubongo. Matokeo yake ndo hayo uliyoyaeleza, na kwa wengine inafika mpaka huzuni nzito au kusikia sauti.

Siwezi kukuapia kwamba wewe una nakala mbili za nyota sita, hilo linajulikana kwa kipimo tu, lakini hadithi yako inafanana nalo sana. Na jirani yako aliyelala kama mtoto inawezekana ana nakala nzima, na Uchaga wake hauhusiki. Kuna Wachaga wengi tu waliota kama wewe, na kuna Wadigo waliomeza TLE miaka mingi bila hata kizunguzungu.

Jambo ambalo linaniumiza mpaka leo ni kwamba haya yalijulikana mapema. Mtaalamu wa Zimbabwe, Collen Masimirembwa, na wenzake pale Harare, ndo waliofanya huo utafiti wa 2008 na wakasema wenye nakala mbili dhaifu wapunguziwe dozi. Hapa kwetu watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wa Ethiopia na Sweden walifuatilia wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia waliomeza efavirenzi ileile, matokeo yakatoka 2013, Watanzania walikuwa na dawa nyingi zaidi kwenye damu kuliko Waethiopia, na sio jeni hiyo peke yake, hata ukilinganisha watu wenye jeni zinazofanana tofauti ilibaki. Maana yake kuna mambo mengine pia, labda chakula, labda mazingira, labda jeni nyingine. Mwaka 2014 ukatoka utafiti mkubwa uliohusisha mabara kadhaa ukaonyesha miligramu 400 inadhibiti virusi sawasawa na 600. Yaani miaka yote ile watu wetu walikuwa wanabeba mzigo uliozidi kwa nusu ule uliohitajika, na wengine waliacha dawa kwa sababu ya ndoto, na aliyeacha dawa za HIV unajua mwenyewe kinachofuata.

Na kuacha kwenyewe kuna hatari ambayo watu hawaijui, ngoja niieleze kidogo maana ni ya muhimu. Mwenye mashine inayosuasua akiacha TLE ghafla, zile dawa mbili nyingine zinatoka mwilini siku chache, ila efavirenzi inabaki inazungukazunguka wiki kadhaa ikiwa peke yake, na kirusi kinachokutana na dawa moja tu peke yake ndo kinapata nafasi ya kujifunza usugu. Kwa hiyo yule yule anayeteswa zaidi na dawa, mwenye hamu zaidi ya kuiacha, ndiye anayeumia zaidi akiiacha kimyakimya. Alitakiwa asikilizwe mapema abadilishiwe, badala yake aliambiwa "utazoea". Na mimi nimewahi kumwambia mtu "utazoea". Nasikitika.

Kwa bahati nzuri kuanzia 2019 WHO ilisimamisha dolutegraviri kuwa dawa ya kwanza, ndo hii TLD, kidonge chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, ambayo naamini ushahamishiwa, na hii inasagwa kwenye mashine tofauti kabisa, haiitegemei CYP2B6. Kama bado uko kwenye TLE kwa sababu yoyote, nenda kliniki kesho uwaambie maneno yaleyale uliyoniambia mimi, usipunguze kidonge mwenyewe nyumbani kwa kisu.

Sasa usije ukadhani mashine inayosuasua kila mara ni tatizo na inayokwenda kasi ni baraka, inategemea gunia lililoletwa. Kuna dawa zinaingia mwilini zikiwa bado mahindi, hazifanyi kazi mpaka zisagwe. Mfano mzuri ni kodeini, ile ya maumivu na ambayo zamani ilikuwa kwenye dawa nyingi za kikohozi. Kodeini yenyewe haina nguvu ya maana, kazi inafanywa na ile sehemu ndogo, kama asilimia 5 hadi 10, inayogeuzwa na kimeng'enya CYP2D6 kuwa mofini. Mwenye nakala mbili mbovu kabisa anakunywa kodeini anasubiri, maumivu yako palepale, muuguzi anafikiri anadeka. Mwenye nakala za ziada anakunywa dozi ya kawaida, mofini inamwagika kama bomba limepasuka, anasinzia na pumzi inapungua. Watoto wamekufa kwa hili baada ya kutolewa tonsili, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku kodeini kwa mtoto chini ya miaka 12, na ikatoa onyo kali kwa mama anayenyonyesha, maana mofini inapita kwenye maziwa.

Wako wapi wenye nakala za ziada? Hapa ndo utaona ukanda wetu ulivyo wa ajabu. Utafiti wa Ethiopia wa mwaka 1996 ulikuta watu 29 katika kila 100 wanazo. Ulaya Kaskazini ni wachache sana, mmoja au wawili katika mia. Saudi Arabia wanakaribia 20. Halafu shuka chini uje Tanzania, kwetu lililo jingi ni toleo jingine la jeni hiyohiyo linalopunguza kasi, na kuna moja linaloitwa nyota ishirini na tisa ambalo lilielezwa kwa kina kutokana na damu za Watanzania, mwaka 2001. Yaani Addis na Dar wote ni Afrika Mashariki, wote ni watu weusi, kidonge kimoja cha kodeini kwa wastani kinakwenda njia mbili tofauti. Sasa mtu akikuambia "dozi ya mtu mweusi" muulize mweusi yupi.

Na kama unataka mfano wa karibu zaidi, upo wa Kenya, huwa nauhadithia kila nikipata nafasi. Kuna dawa ya ARV inaitwa abakaviri, kwetu imetumika sana kwa watoto. Watu wachache wakiimeza mwili unaikataa kwa ukali, homa, vipele, kutapika, kukohoa, pumzi kubana, na akiachishwa kisha akapewa tena mara ya pili anaweza kufa. Hii haihusu ini kusaga, inahusu kinga ya mwili, na inafungamana na jeni moja iitwayo HLA-B*57:01. Mradi mmoja wa kimataifa wa kupima jeni ulichukua damu kwa Wamaasai wa Kinyawa na kwa Waluhya wa Webuye. Kwa Wamaasai ilikutwa asilimia 13.6, kwa Waluhya 3.3, na kwa Wayoruba wa Nigeria sifuri. Kwa muda mrefu vitabu vilisema jeni hii ni ya wazungu, Waafrika haiwahusu. Kumbe Wamaasai wanayo kuliko hata wazungu wenyewe! Anayesoma kitabu kile halafu akampa mtoto wa Kimaasai abakaviri bila kumwambia mama dalili za kuangalia, anakosea, na makosa yake yamezaliwa na lile neno moja "Waafrika".

Kwa hiyo kabila lina kazi gani? Mimi naliona kama anwani ya zamani ya mababu. Linakuambia walikaa wapi, waliugua nini, walioana na nani, na kutokana na hapo unaweza kubahatisha jeni fulani itakuwa nyingi au chache kwenye ukoo huo. Ila ni kubahatisha. Hata hao Wamaasai wengi wao hawana hiyo jeni. Na watu wetu wa pwani ndo kabisa, mtu anajiita Mdigo bibi yake Msegeju, babu wa upande wa pili katoka Hadhramaut kule Yemen, mke wa mjomba Mnyamwezi, utabahatisha nini hapo. Wataalamu wa jeni wanasema Afrika ina tofauti nyingi za kijeni kuliko mabara mengine yote, maana binadamu wamekaa hapa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kutuweka kwenye fungu moja ni kosa la kisayansi kabla hata hujazungumzia heshima.

Wapo wanaouliza na zile za TB pia, nipite harakaharaka. Isoniazidi, ambayo pia wenye HIV wengi hupewa kama kinga, inasagwa na NAT2, na hii tofauti yake ilijulikana tangu miaka ya 1950, ni mojawapo ya dawa zilizofungua elimu hii yote. Japani wanaosaga polepole ni kama mmoja kati ya kumi, Ulaya na sehemu nyingi za Afrika ni kama nusu ya watu. Anayesaga polepole ndo anapata ganzi na miguu kuwaka moto usiku, na ndo maana unapewa vitamini B6 pamoja nayo, usiitupe ukidhani ni vitamini za kuongezea hamu ya kula. Na sio jeni tu zinazogusa mashine, dawa nyingine nazo zinaichochea. Rifampisini ya TB inaiongezea kasi mpaka mtu wa TLD anatakiwa ale dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya moja, na efavirenzi yenyewe ilikuwa inapunguza nguvu ya vijiti vya uzazi wa mpango, kuna kina dada walishika mimba kijiti kikiwa mkononi na waume zao wakawashuku bure.

Umeuliza kama dawa zilipimwa kwa wazungu. Kwa sehemu kubwa ni kweli, na nakuelewa unapouliza kwa uchungu. Ila angalia madhara yake yalivyo, mara nyingi dawa inafanya kazi vizuri tu, kinachokosewa ni dozi, au kipimo, au onyo. Chukua warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Marekani walitengeneza hesabu ya kompyuta ya kutafuta dozi kwa kuangalia jeni za mgonjwa, wakaijaribu hospitalini, na matokeo ya 2013 yakaonyesha kwa wagonjwa weusi hesabu ile ilikuwa mbaya kuliko kutotumia jeni kabisa, kwa sababu jeni walizochagua kuangalia ni zile zilizo nyingi kwa wazungu, zile za kwetu hawakuziweka. Kwa hiyo hata kipimo cha jeni kinaweza kukupotosha kama waliokitengeneza hawakukufikiria wewe. Upande mwingine, dawa za presha zimefanyiwa utafiti mzuri hapahapa, nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, matokeo yakatoka 2019 yakionyesha mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake unashusha presha ya watu wetu vizuri zaidi ya mchanganyiko usio nayo. Hivo ndo inavotakiwa, watu wetu wapimwe wenyewe. Ninachokataa mimi ni mtu kusikia "zilipimwa kwa wazungu" akaenda nyumbani akamwaga vidonge vya presha akaanza mizizi, hapo amejidhuru kwa neno ambalo ndani yake lina ukweli nusu.

Sasa tuje kwa kaka yako na mwanao, maana naona moyo wako uko huko zaidi.

G6PD ni kimeng'enya kilicho ndani ya chembe nyekundu za damu, na kazi yake hapa ni kinga. Kinailinda chembe isiungue pale dawa au chakula fulani kinapoleta sumu zake. Mwenye upungufu wake anaishi maisha ya kawaida kabisa, anacheza mpira, anazaa, anazeeka, mpaka siku anakutana na kitu kibaya, hapo chembe zinapasuka kwa wingi. Jambo hili liligunduliwa kupitia primakwini, dawa ya malaria, wanajeshi weusi wa Marekani walikuwa wanaishiwa damu wakipewa, na mwaka 1956 wanasayansi wakaeleza sababu. Upungufu huu uko kwa watu kama milioni 400 duniani, na ukiangalia ramani yake utaona ni kama ramani ya malaria ya zamani, maana aliyenao malaria kali inamuonea huruma kidogo, ndo maana mababu waliokaa kwenye mbu walituachia. Tanga ni nchi ya mbu tangu enzi. Oman nako, karibu robo ya wanaume wanao, ndo maana hospitali za kule wanapima sana na wanatoa kadi, kwa hiyo kaka yako kupimwa kule sio kwamba kaupata kule, alizaliwa nao hapahapa Tanga.

Jeni hii iko kwenye kromosomu X. Mwanaume ana X moja tu na anaipata kwa mama, baba hachangii. Kwa hiyo kaka yako kaupata kwa mama yenu, mama anabeba angalau nakala moja. Wewe una X mbili, moja ya baba, moja ya mama, na hiyo ya mama ni nusu kwa nusu, inawezekana umepewa nzima inawezekana umepewa dhaifu. Kama unayo dhaifu basi mwanao naye ni nusu kwa nusu. Ukizidisha, kwa tunavyojua sasa hivi, mtoto ana nafasi moja kati ya nne. Ila kama baba yenu naye alikuwa na upungufu, hapo wewe unabeba kwa hakika na mtoto nafasi yake inapanda kuwa tatu kati ya nne, kwa hiyo uliza nyumbani kama mzee aliwahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa.

Mpime mtoto. Kipimo kipo hospitali za rufaa na baadhi ya maabara binafsi, ni damu kidogo tu. Jambo moja ambalo hata baadhi ya wenzangu wanalisahau, usimpime akiwa ndo kwanza ametoka kuishiwa damu au kuongezewa damu. Wakati huo chembe zilizobaki ni changa na changa zina kimeng'enya kingi, kipimo kitasema mzima wakati si mzima. Subiri kama miezi mitatu.

Kabla ya majibu, na hata kama akikutwa nao, usiishi kwa hofu. Dawa mseto ya malaria anayopewa kila mtoto haina tatizo, parasetamoli kwa dozi yake haina tatizo. Za kuogopa ni primakwini ya siku 14, tafenokwini ambayo haipewi mtu bila kupimwa kwanza, na dapsoni. Dapsoni ina historia kwetu, iliwekwa kwenye dawa moja ya malaria iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika, na mwaka 2008 ikaondolewa kwa sababu watoto wenye upungufu wa G6PD walikuwa wanaishiwa damu. Primakwini ya dozi moja ndogo, robo miligramu kwa kilo, ambayo wakati mwingine hutolewa kuzuia maambukizi ya malaria, hiyo WHO tangu 2012 wanasema haihitaji kipimo, usichanganye na ile ya siku 14. Zile naftalini za kuweka kabatini, nyeupe za mviringo, zitoe nyumbani kabisa na usimvalishe nguo zilizolala nazo. Na yale maharage mapana wanayoyaita ful, kaka yako kule anayaona kila asubuhi, ayaache.

Kuna aina mbili kubwa, ile ya Kiafrika ambayo inapasua chembe kuukuu na kuziacha changa, mara nyingi inajituliza yenyewe, na ile ya upande wa Mediterania na Uarabuni ambayo ni kali, haibagui changa wala kuukuu. Familia za pwani zinaweza kuwa na yoyote kati ya hizo. Mwombe kaka yako apige picha karatasi yake ya majibu akutumie, kama wameandika kiwango cha kimeng'enya chake kitamsaidia daktari wa mtoto kujua mko upande upi.

Dalili za kukukimbiza hospitali usiku uleule ni mkojo kubadilika ukawa kama chai ya rangi au kola, macho kuwa ya njano, mtoto kulegea, viganja kupauka na kupumua harakaharaka, siku ya kwanza mpaka ya tatu baada ya dawa mpya. Ukifika sema neno G6PD mlangoni, usisubiri kuulizwa.

Na wewe mwenyewe, chukua kadi yako ya kliniki, mwambie muuguzi aandike kwa kalamu ya wino: efavirenzi ilimsumbua, ndoto na kizunguzungu, 2016. Ya mtoto iandikwe mjomba ana upungufu wa G6PD, majibu ya mtoto yanasubiriwa. Ukipata majibu niandikie, nitakusaidia kuipitia ile orodha ya Muscat dawa moja moja, maana orodha zile huwa ndefu na nyingi kati yake mtoto hatakutana nazo Tanga maisha yake yote.